Bi Vuguvugu na Mlango Uliofungwa

Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, na mama yake hakutoka tena mle chumbani akiwa hai. Akalelewa na shangazi yake, mkandaji wa wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Tangu mdogo aliijua kazi: maji yanachemshwa, mzazi anakandwa tumbo na mgongo, anafungwa kitambaa kiunoni, kisha mlango unafungwa mpaka arobaini yake iishe.

Wito ulimfikia kwa mke wa kinyozi. Huyo mzazi alisema, "Nasikia baridi." Shangazi akasema, "Imeingia kwenye mifupa. Ongeza ya moto." Binti akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka kama ameshika sufuria. "Shangazi, huyu anaungua! Hii ni homa!" Akambeba mgongoni hadi hospitali, na yule mama akapona. Huo waumini wanaomuenzi wanauhesabu kuwa muujiza wake wa kwanza. Shangazi alimfukuza.

Alipoanza kukanda mwenyewe alitumia maji ambayo mkono unavumilia, ndipo wakamwita Bi Vuguvugu. Mke wa mwashi alimtania mlangoni pa kanisa watu wakisikia, "Hata Maandiko yanasema vuguvugu hutapikwa!" Akamjibu, "Maji yanayochemka ni ya kunyonyolea kuku, mama. Mzazi ana manyoya?" Watu walicheka, lakini nyumbani waliendelea kuchemsha.

Binti yake wa pekee akaolewa na mtoto wa mwanamke yuleyule. Alipojifungua, mlango ukafungwa. Bi Vuguvugu akasimama nje na beseni lake, akamsikia mwanawe ndani, sauti ikitetemeka, "Mama, nasikia baridi." Akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Mkwe wangu, mguse paji la uso! Mguse tu!"

"Usitutie mkosi, mkwe," mke wa mwashi akajibu kutoka ndani. "Hayo maji yako ya kunawia kanawie kwako."

Akasikia sufuria nyingine ikimiminwa. Mlango ulipofunguliwa, binti yake alikuwa amelala na kitambaa chake kiunoni, hatetemeki tena.

Hakulaani mtu. Aliomba kitu kimoja tu, amwoshe mwenyewe, akapasha maji kidogo. Mkwewe akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ya kupasha ya nini?" Akasema, "Yasimshtue."

Tangu hapo alipita mlango kwa mlango mpaka miguu ikavimba. Wachache walimfungulia. Alifariki amekaa kwenye kizingiti cha watu, na wapo wanaoapa kwamba maji ya beseni lake yalikutwa bado vuguvugu. Hilo mimi sikuliona. Ninalolijua ni kwamba neno "baridi" bado linaua, maana mwenye homa naye husema hivyohivyo. Enyi kina mama, tumfuate kwa hili: kabla ya kuongeza maji, mguse mzazi paji la uso. Akiungua, hospitali, arobaini iwe imeisha au haijaisha.

Nyumba ya nyuma yetu wana mzazi. Tangu asubuhi namsikia akisema anasikia baridi. Nimekwenda kugonga mara ya pili, hawajafungua, na sufuria naisikia inachemka.