Firigisi ya Mwenye Nyumba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mama alimfunga jogoo miguu kwa kamba ya mkonge, akanipa nimpeleke kwa jirani akamchinje. Nyumbani kwetu hapakuwa na mwanamume tena. Baba alikuwa amefariki, eda ya mama ilikuwa imekwisha wiki ile, na siku hiyo mdogo wake baba alikuwa anakuja kutoka Handeni mjini kuzungumzia shamba.

Tulijua anachokuja kusema. Alikuwa amempata mnunuzi wa shamba la bondeni, ekari mbili ambazo mama aligawiwa na wazazi wake na ambazo zilitulisha mahindi na kunde tangu tulipozaliwa. Halikuwa la baba mdogo wala la baba. Lakini kijijini kwetu, kabla watu hawajauliza shamba ni la nani, huuliza kwanza nani anaisemea nyumba. Baba mdogo alikuwa amekwisha kutamka msibani, mbele ya watu, kwamba nyumba ya wanawake watatu haina msemaji isipokuwa yeye. Hakuna aliyembishia. Mama alikuwa ndani amejifunika kanga, na mimi na dada yangu tulikuwa nyuma ya nyumba tunasonga ugali wa waombolezaji.

Siku hizo kuku hakuliwa kwa kupenda tu. Aliliwa sikukuu, au alipofika mgeni, na kila kipande kilikuwa na mtu wake. Paja la mgeni. Kidari cha wanaume. Shingo, mabawa na miguu vilibaki jikoni kwa wanawake na watoto, na tulivitafuna mpaka mifupa ikawa myeupe. Firigisi ilikuwa ya baba. Mtoto wa kike akila firigisi, tuliambiwa, atakuwa mbishi na hataolewa. Haikuwa nyama nyingi, yaweza kutosha matonge mawili. Lakini aliyewekewa firigisi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na mgeni yeyote aliyetazama bakuli alilijua hilo bila kuambiwa. Baba aliikata katikati, akala nusu, na nusu nyingine akaiacha chini ya ukoko wa ugali. Mama ndiye aliyeondoa vyombo. Hawakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yetu.

Dada yangu alifika saa nne, kwa basi kutoka Korogwe na bodaboda kutoka barabarani. Alikuwa akifanya kazi Ngombezi, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge zikabaki singa, nyuzi za kusokotea kamba. Yeye ndiye aliyelipia dawa za baba na sanda yake. Baba mdogo alikuwa ameshaketi barazani na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mama alikuwa amemwalika mwenyewe.

“Shikamoo baba mdogo. Shikamoo mwenyekiti.”

“Marahaba,” baba mdogo akajibu. “Mwali wa mkonge! Hebu nione mikono. Loo, hiyo si mikono tena, ni brashi. Mume atakayekushika hapo atadhani kashika mkeka.”

“Atazoea, baba mdogo. Hata mkeka hulaliwa.”

Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa.

Jikoni nilimkuta mama anaibandua firigisi ngozi yake ya ndani, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Aliipika pamoja na nyama nyingine, kisha akaitoa na kuiweka peke yake kwenye kibakuli cha bati.

“Hiyo ya baba mdogo?” nikauliza.

“Wewe kata vitunguu.”

Chakula kilipokuwa tayari nilipeleka maji ya kunawa, ugali na bakuli la mchuzi barazani. Dada alikaa kwenye kigoda mlangoni, mahali ambapo wanaume walimwona. Baba mdogo alitia kijiko katika bakuli, akakoroga, akatazama. Akakoroga tena mpaka chini.

“Shemeji,” akaita, “jogoo huyu alizaliwa hana firigisi?”

“Alikuwa nayo,” mama akajibu akitoka ndani na kile kibakuli. “Nampelekea mwenyewe.”

“Mwenyewe si ndiye mimi hapa?”

Mama hakusimama. Alimpita, akampita mwenyekiti, akakiweka kibakuli kwenye mapaja ya dada. “Mwenyewe ni anayetuletea unga,” akasema. “Kula, mwanangu.”

Dada hakuwa na hamu ya firigisi. Nilimwona usoni. Alijua, kuliko sisi sote, anachopewa: kwamba kuanzia hapo hataweza kuacha kazi ya mkonge akichoka, na kwamba kila shida ya ukoo itabisha mlangoni kwake. Aliikata kwa meno, akatafuna polepole hadi ikaisha. Hakubakiza nusu.

“Kumbe tumekaribishwa na mwanamke,” baba mdogo akasema.

“Tumekaribishwa vizuri,” mwenyekiti akajibu. “Ongeza mchuzi, ndugu yangu, unapoa. Na hilo la shamba, kama bado unalo, muulize yule pale mlangoni.”

“Haliuzwi, baba mdogo,” dada akasema.

Baba mdogo alinawa mikono kabla ya ugali kwisha, akaondoka bila kuaga jikoni.

Leo, karibu na stendi ya Korogwe, firigisi hukaangwa kwa sinia, na mwanafunzi wa kike mwenye sarafu mfukoni hununua akala huku anatembea. Zinatoka kwenye kuku wa kisasa, na hakuna anayeuliza ni za nani. Nikiwasimulia vijana wangu habari hii, wanadhani natia chumvi. Wanaona ajabu kwamba shamba liliokolewa kwa kipande cha nyama. Mimi naona ajabu nyingine, kwamba kipande hicho kilikuwa kizito kiasi kile kwa aliyekila.

Kwa maana wiki ya tatu baada ya mlo ule, yule mnunuzi alikwenda Ngombezi, akamtafuta dada kwenye kambi ya wafanyakazi. Baba mdogo alikuwa ameshapokea arubuni ya shamba na kuitumia yote. Mnunuzi alisema yeye hana ugomvi na mzee. Ameambiwa kijijini kwamba msemaji wa ile nyumba ni binti wa korona, basi amemfuata msemaji. Asipolipwa atakwenda polisi.

Dada angeweza kumwacha baba mdogo abebe mzigo wake. Lakini ni damu ya baba, na jina ni la baba. Alikopa kwa wenzake wa zamu, akakatwa mshahara mpaka masika yakapita, akalipa shilingi laki mbili na elfu themanini.