Niliandika Majina ya Wanafunzi Wangu, Kisha Nikaenda Kutanda Uduvi

Wakuu, salaam kwenu nyote tuliosoma pamoja ualimu.

Daftari letu la kupokezana limenifikia jana hapa Morogoro, kwa mkono wa mwenzetu wa stesheni. Nimesoma yote mliyoandika, na sasa zamu ni yangu. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, pamoja na aibu yake. Mkimaliza kusoma, asilione mtu wa boma.

Mnajua kwamba mimi ni mwalimu wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Vita na Waingereza vilipopamba moto, wapagazi wa kubeba mizigo ya askari hawakutosha. Likaja agizo la boma la Wadachi: kila mwalimu aandike majina ya wanafunzi wake na umri wao. Waliotimiza miaka kumi na sita wabebe mizigo mpaka Kisaki. Walio chini ya hapo waachwe wasome.

Nakiri kwamba niliona ni agizo la haki. Nilisema moyoni: nikiandika kweli, wadogo watakuwa wamelindwa kwa maandishi.

Kabla sijaandika, alinijia Mzee Kobelo, mjomba wa mwanafunzi wangu Hamisi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Andika kwamba Hamisi amehamia kwa ndugu zake, Matombo.”

“Mzee, hajahama. Yule pale anafuta ubao.”

“Namwona. Macho ninayo. Nakuomba uandike.”

“Nimewafundisha wasiseme uongo. Nikifanya hivyo, nitawatazamaje?”

Akacheka kidogo. “Utawatazama wakiwapo, mwalimu.”

Sikumsikiliza. Niliandika kweli tupu, kwa mwandiko ule mliokuwa mkinisifia. Hamisi, miaka kumi na sita.

Walichukuliwa wanne. Asubuhi ya kuondoka, Hamisi aliniamkia kwa adabu kama siku zote, akauliza kama atakaporudi atakuta tumefika mbali katika hesabu.

Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake mmoja, naye ndiye aliyetueleza. Hamisi alishikwa na kuhara njiani, akafa kabla hawajaifikia Kisaki. Walimzika kando ya njia. Mzigo wake ukagawanywa kwa wengine.

Nilipanda kwenda kutoa pole. Mzee Kobelo alinipa kigoda, akaniletea maji ya kunawa, akanipa chakula. Wakuu, ningeshukuru kama angenipiga.

Baada ya hapo wazazi waliacha kuwaleta watoto. Nikabaki na madawati. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni kwenda kwetu pwani, Mboamaji.

Huko nilikuta vyombo vyote vimevutwa juu ya mchanga. Manowari za Waingereza zilikuwa zikipita mbele ya miamba, na hakuna aliyethubutu kwenda maji makuu. Waliobaki kuvua ni wanawake, katika maji ya kiunoni, kwa tandio.

Kwa wenzangu wa bara: tandio ni kitambaa tu. Watu wawili wanakishika pembe, wanatembea nacho majini, wanakizamisha, kisha wanakiinua kwa pamoja. Kinachonaswa ni uduvi, vijikamba vidogo kama kope. Ni kazi ya wanawake na watoto. Mimi niliiacha siku niliyovaa kanzu ya shule, na tangu hapo niliona haya hata kuitaja.

Dada yangu Mwanaidi naye alikuwa akitanda, lakini mwenzake wa kushika pembe ya pili alikuwa mgonjwa.

“Mwalimu, shika pembe,” akaniambia.

“Mimi?”

“Kwani hapa kuna mwalimu mwingine? Au unaogopa utayeyuka kama chaki?”

Nikaingia majini. Mara mbili za mwanzo tuliinua kitambaa kitupu.

“Unainua kama unapandisha bendera ya boma!” akanifokea, na wanawake wote wakaangua kicheko. “Taratibu. Na uinue nami, usiinue peke yako.”

Mara ya tatu kitambaa kilikuja kizito. Uduvi walikuwa wakirukaruka katikati, weupe wenye wekundu kidogo, wakinichoma vifundoni mwa mikono. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, wakuu, mimi ambaye kwa miezi nilikuwa sijui kama nina meno.

Sijui niwaelezeje furaha ile bila kuiharibu. Chumvi midomoni, jua mgongoni, mchanga ukihama chini ya nyayo. Hakuna aliyetaka kwangu jambo lolote ila niinue anapoinua dada yangu.

Ndipo nikamkumbuka Hamisi. Siku nilipowafundisha habari za bahari alinyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, kama maji yote ni ya chumvi, ninyi wa pwani mnakunywa nini?” Darasa zima lilimcheka, nami nikacheka nao.

Dada akanitazama. “Unalia, au ni maji?”

Nikamweleza yote palepale, kitambaa kikiwa mikononi mwetu.

“Ungeandika amehama,” akasema.

“Ningekuwa mwongo.”

“Ungekuwa mwongo. Halafu? Waongo wangapi tunaishi nao, na watoto wao wazima?”

Tukakizamisha kitambaa tena.

Siku tisa nilitanda naye. Kila asubuhi furaha ilikuja, safi, bila kuitwa. Kila nilipotoka majini nilikumbuka kwamba yupo mtu asiyeweza kuipata, na kwamba mkono uliomnyima ni huuhuu.

Siku ya kumi ikaja barua. Boma lilitaka orodha mpya, na safari hii umri umeshuka: miaka kumi na minne.

Nilirudi Mlali. Waliokuwa na umri huo ni kumi na mmoja, na wote walikuwa makwao. Nikaandika majina yao yote, na mbele ya kila jina nikaandika: amehamia kwa wajomba zake, mahali hapajulikani.

Karani wa boma alisoma polepole. “Mlali mna wajomba wengi wenye mapenzi,” akasema, akaiweka kando.

Siku ya tatu askari walipanda milimani bila orodha yoyote. Waliwakamata waliowakuta mashambani. Tisa kati ya wale kumi na mmoja.

Mzee Kobelo alinikuta mlangoni mwa shule. Alikuwa amekwisha kusikia nilichokiandika.

“Hilo ndilo nililokuomba,” akasema. Akaenda zake.

Funzo langu, wakuu, ni dogo na chungu. Niliamini kwamba kweli humlinda anayeisema. Sasa nadhani mara nyingi humtumikia anayeidai. Nimelijua hilo wakati ambao uongo wangu haukuwa na kazi tena.

Msije mkadhani bahari iliniponya. Ilinirudishia furaha moja ya utotoni, nami sijui mtu kama mimi anaistahili vipi.

Kurasa zinazofuata ni zenu. Nani mwingine ameletewa agizo hilo? Mliandika nini? Anayeona nilikosea mara ya kwanza aseme, na anayeona nilikosea mara ya pili naye aseme. Majina yenu msiyaweke.