Mgeni wa Kikundi cha Mkonze

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino, nikapelekwa kata ya Mkonze kwa miguu. Nilikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii mpya, na Mkuu wa Idara, baba mkavu asiyecheka hovyo, alinipa somo moja tu: "Mama, usiniletee mradi wa kwenye karatasi. Nenda ukauone."

Siku hizi kijana anaomba mkopo kwa simu. Sisi tulikagua kwa kutembea. Mkopo wa halmashauri haukuwa na riba, lakini ulitolewa kwa kikundi, wanachama wakidhaminiana, na sharti kiwe na mradi unaofanya kazi. Sharti hilo liliwatoa vijana jasho! Nzuguni niliwahi kuonyeshwa cherehani ambazo hakuna mwanakikundi aliyejua kuzitia uzi.

Nikikaribia kustaafu nilirudi Mkonze kukagua kikundi kilichoomba mkopo, cha Neema, binti aliyemaliza chuo akakaa nyumbani mpaka majirani wakachoka kumuuliza habari za ajira. Mkopo ule ndio uliokuwa tegemeo lake. Nilikuta banda limejaa kuku, nikafurahi. Wakaniandalia ugali na mchuzi wa jogoo. Nikiwa na paja mkononi, akaingia mama jirani.

"Hodi! Neema, nimefuata kuku wangu niliokuazima. Mkaguzi keshaondoka? Mbona jogoo simwoni?"

Macho yote yakahamia kwenye sahani yangu. Mwenzao mmoja, kwa kutaka kumheshimu mgeni, alikuwa amechinja jogoo wa watu.

Nilicheka mpaka nikapaliwa, kisha nikakasirika kwelikweli. "Kuku wenu wako wapi?"

"Kideri kimewamaliza wote, mama," Neema akasema, machozi yakimlengalenga. "Tuliogopa mtatufuta kwenye orodha."

Kideri, ugonjwa ule wa kuku, kikiingia bandani hakibakizi kitu. Nikamuuliza sasa angefanya nini. Akanieleza habari za chanjo na namna ya kuwatenga kuku wageni, bila kubabaika. Hasira ikanipungua. Binti alijua kufuga.

Kufikia wakati huo Mkuu wa Idara alikuwa mwingine, kijana kuliko mimi. Niliporudi ofisini nikamweleza yote, akasema: "Wamedanganya. Wafute."

"Nitaandika kwamba wamedanganya, mkuu, na kwamba jogoo nimemla mimi. Lakini tukiwafuta, Neema harudi tena ofisini kwetu. Waachie waanze upya, wakaguliwe awamu ijayo."

"Wakikuaibisha?"

"Nitaaibika."

Hakupenda, ila aliwaachia. Vijana wakamlipa jirani kwa kumfanyia usafi wa banda na kuwachanja kuku wake. Yule mama, ulimi mkali lakini moyo safi, akawapa kuku makoo wachache wa kuanzia.

Awamu ile ilinikuta nimeshakabidhi ofisi. Niliumia, maana wa kuwatetea hakuwepo tena. Nilikaa nyumbani Chang'ombe nikijizuia kumpigia simu afisa aliyechukua nafasi yangu, maana ukishastaafu unaacha watu wafanye kazi.

Siku moja Neema akabisha hodi. "Shikamoo mama. Tumepata mkopo."

"Marahaba mwanangu. Kuku walitosha?"

"Walikuwa wachache tu."

"Sasa mkamwambia nini afisa?"

"Tulimwambia ya kideri na ya kuazima, yote, kabla hajauliza."

Nilimkumbatia nikalia, na wala sikuona haya.