Hesabu ya Kwenye Gunia

Mtaani walimwita Vanishi. Harufu ya vanishi ya mota ilikuwa imemwingia kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye mto wa kulalia, na hakuna sabuni iliyoiweza. Mwenyewe hakulichukia jina. Lilimwambia kila mtu kwamba yeye ni wa karakana, si mfagiaji wa karakana, ingawa mwaka mzima wa kwanza hakushika kitu kingine ila ufagio.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili alipopelekwa kwa mjomba wake, fundi wa kusuka mota na jenereta aliyekuwa na jina kuliko mafundi wote wa mji. Mama yake ndiye aliyempeleka, kamshika mkono utadhani anampeleka chekechea.

"Kaka, huyu ni damu yako," mama alisema. "Mfundishe kazi yote, apate cheti chake, asije akawa mtu wa kuomba omba."

Mjomba alicheka kwa furaha, akasogeza makopo na kumpa nafasi ya kukaa kwenye benchi. Furaha ile ilikuwa ya kweli, tusimsingizie. Alimlisha mpwa wake, alimtibu alipougua, na siku mteja mmoja alipomtania kwa maneno ya chooni, mjomba alimfukuza yule bwana na mota yake begani. Mtu mbaya wa kila siku ungemjua mapema, ukajihadhari naye.

Cheti ndicho kilichomtoa Vanishi kitandani kila asubuhi. Kukipata kulikuwa na njia moja tu. Mwanagenzi hupewa kitabu cha mafunzo, na kila kazi anayoiweza fundi wake huiwekea saini. Saini zikitimia ndipo anaitwa kwenye mtihani wa vitendo. Mjomba alisaini kubadilisha beringi. Akasaini kufunga na kupaka vanishi, akasaini kutengeneza jenereta. Mstari wa mwisho ulisema: kusuka mota upya, peke yake. Huo ulibaki mweupe mwaka wa tatu, wa nne, wa tano.

"Bado, mwanangu," mjomba alikuwa akisema. "Haraka haraka haina baraka."

Sasa, mota ikiungua, koili zake hukatwa upande mmoja kwa patasi, zikavutwa kutoka kwenye mifereji ya chuma zilimolala. Kila koili hutoka kama kitita cha nyaya za shaba. Ukihesabu nyaya za kitita kimoja, umejua mota ile ilizungushwa waya mara ngapi, na wewe utazungusha vivyo hivyo. Ukipunguza, itavuta umeme kupita kiasi na kuungua tena. Siri yote ya kazi imo humo, kwenye kuhesabu, jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza analiweza.

Na hilo ndilo mjomba alilolifanya nyuma ya pazia lililogawa karakana. Alifumua peke yake, akahesabu peke yake, akasuka na kupanga koili mpya peke yake, kisha akatoka na mota iliyokwisha pangwa, akampa Vanishi aifunge nyuzi na kuipaka vanishi. Mkono wa mpwa wake aliufundisha, tena vizuri, kwa kumfanyisha mazoezi juu ya mota moja chakavu ambayo isingewaka mpaka kiama. Hesabu hakumpa hata moja. Vitita vya zamani alivitupa ndani ya gunia la shaba chakavu, karibu na mlango.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tangu mwaka wa tatu, mjomba akitoka kwenda kula, Vanishi alikuwa akifungua gunia, anatoa vitita vya siku hiyo, anahesabu, anaandika kwenye daftari: mota ya nani, ya ukubwa gani, nyaya ngapi. Kufikia mwaka wa sita alikuwa na mota zaidi ya mia moja. Alilala na daftari lile chini ya mto, na aliringa kimoyomoyo. Nani asingeringa?

Mwaka huo wa sita mjomba alifiwa na mkwewe, akasafiri siku tatu. Siku moja kabla ya safari alikuwa amefumua mota kubwa ya mashine ya kusaga nafaka. Mota ilibaki benchini, tupu, imesafishwa, na vitita vyake vimo ndani ya gunia. Asubuhi akaja mwenye mashine, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Fundi yuko wapi?"

"Amekwenda msibani, mzee. Atarudi keshokutwa."

"Keshokutwa! Watu wamenijazia ndoo za mahindi mpaka barabarani. Na wewe je? Miaka sita humu ndani unafanya nini, unachemsha chai?"

Neno la chai lilimchoma. Akawaza: nikiisuka mota hii ikawaka, mjomba atasema nini tena? Atasaini tu, apende asipende.

Alitoa vitita sita. Cha kwanza kilikuwa na nyaya thelathini na nane. Vyote sita, thelathini na nane. Akasuka siku nzima bila kula. Alipopanga koili kwenye mifereji ya chuma aliona zinacheza, nafasi imebaki. Alisimama kidogo. Kisha akaongeza karatasi ya kuhami na vijiti vinene vya mbao, akakaza. Hesabu ilikuwa ni hesabu, aliihesabu mwenyewe. Siku ya pili, vanishi ilipokauka, aliiwasha, ikanguruma kwa uzito na kupata joto upesi. Kifaa cha kupimia umeme unaovutwa kilikuwa kwenye kabati la mjomba, na ufunguo ulikuwa msibani pamoja na mwenyewe. Mwenye mashine hakutaka kusikia habari ya kusubiri. Akaibeba.

Haikumaliza saa moja. Ilirudishwa kwenye mkokoteni ikiwa bado inafuka moshi, na nyuma yake kundi la watu wenye ndoo, kila mmoja na tusi lake.

Mjomba aliporudi hakupiga kelele. Aliifungua mota, akaitazama, akaingia nyuma ya pazia na kutoka na kopo la rangi lililojaa vipande vya nyaya za shaba. Akachambua vya juu, akavipanga kimoja kimoja mbele ya mpwa wake.

"Kila kitita kilikuwa na arobaini na sita," alisema. "Nane hizi hapa."

Vanishi alizitazama bila kuelewa, kisha akaelewa.

"Mjomba, ulizitoa wewe?"

"Unadhani sikujua unachakura gunia? Siku ya kwanza tu nilijua. Wewe ukishapata hesabu na cheti, utafungua karakana yako ng'ambo ya barabara. Mimi nile mawe?"

"Na zile nyingine? Zote?"

"Zote. Huku nane, kule tano, pengine tatu. Hata mimi sikumbuki."

Hapo ndipo palipomuua. Kama ingekuwa nane kila mota, angekaa na daftari lake akajumlisha, akaokoa kitu. Miaka yote ile alikuwa akiandika uongo kwa mwandiko mzuri.

"Mama alikwambia unifundishe kazi yote."

"Nimekufundisha kazi," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hiyo nyingine si kazi. Ni riziki yangu."

Kwa mwenye mashine alisema, "Ni mtoto huyu, alikosea kuhesabu," akaisuka mota upya bila malipo. Vanishi alisimama pale pale, akasikia. Angesema nini, wakati sufuria la mama yake lilijazwa na karakana ile ile? Nyumbani mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiganja.

"Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Nenda kamwombe radhi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mbaya zaidi huruhusiwi hata kujikuna. Akaenda. Akamwomba mjomba radhi kwa kosa la kuhesabu sawasawa.

Pengine aibu ilimuuma mjomba. Mwezi uliofuata alisaini mstari ule mweupe, akamsukumia kitabu huku akitazama pembeni. Saini aliyoingoja miaka sita ilikuja hivyo, na Vanishi hakuhisi chochote isipokuwa uchovu.

Mtihani ulifanyika katika karakana ya chuo, safi, yenye madirisha makubwa. Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na maneno laini. Kila mtahiniwa alikuta mota ndogo iliyokwisha fumuliwa na vitita vyake kando.

"Hesabuni nyaya, andikeni idadi kwenye karatasi, kisha sukeni koili moja," alisema.

Vanishi alihesabu: hamsini na mbili. Kitita cha pili, hamsini na mbili. Akatazama mifereji ya chuma, akajaribu kukisia kwa mkono kama zingejaa. Mkono haukumwambia kitu. Haukuwahi kusuka mota hata moja yenye hesabu ya kweli. Akainua kidole.

"Samahani, mwalimu. Nani alizifumua hizi?"

"Mimi mwenyewe, asubuhi. Kwa nini?"

"Zipo zote?"

Mama yule akacheka kidogo. "Zingekwenda wapi, binti yangu?"

Akaandika hamsini na mbili, akaifuta. Akaandika sitini, akaifuta. Akaandika hamsini na saba. Alirudia kitita cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, huku wenzake pande zote wakizungusha waya. Kengele ilipolia, karatasi yake ilikuwa imetoboka kwa ufutio, na hakuwa amesuka koili.

Msimamizi aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku, akamtazama kwa huruma.

"Zilikuwa hamsini na mbili tu, mwanangu. Ungehesabu."

"Nilihesabu, mwalimu," Vanishi alisema. "Mara saba."