Kadi za Maboksi ya Sabuni

Nimemwomba Mungu aniondolee hasira niliyo nayo kwa karani wa masjala. Nikisema amina tu, inarudi palepale. Basi acha niandike.

Dada yangu mkubwa amefua nguo za hospitali miaka ishirini na sita. Mimi napiga pasi, meza ya pili kutoka mlangoni. Shule tuliishia la saba wote wawili, na Kiingereza tulikisikia kwa mbali kama ngoma ya jirani. Lakini mgonjwa mmoja aliruhusiwa akasahau kamusi kitandani, ikatufikia imeviringwa ndani ya mashuka. Dada alimngoja mwenyewe mwezi mzima. Hakuja. Ndipo akaanza kuisoma wakati mashine zinazunguka.

Metroni wetu ana mchezo wake kila mwaka, siku ya wafanyakazi. Anataja idadi ya herufi na herufi moja mbili zilizomo, na meza inayowahi kutoa neno la Kiingereza lililotimia inapata alama. Kila meza inaruhusiwa kuja na kitabu chake. Maabara wanacheza, famasia, wodi, masjala. Sisi wa kufulia tulikuwa tunapanga viti, kisha tunaambiwa asanteni.

Dada alikata maboksi ya sabuni akatengeneza kadi, kila kadi neno moja, akazifunga mafungu kwa matambara ya mashuka yaliyochakaa. Fungu la herufi nne, la tano, la sita, hadi tisa. Ndani ya fungu alipanga kama tunavyopanga nguo chafu. Shuka lenye jasho, chai na damu haliendi kwenye rundo la jasho, linakwenda na doa lililo gumu kuliko yote. Neno nalo alilitia kwenye herufi yake ngumu, ile isiyopatikana ovyo: J, K, V, Z. Miaka kumi na moja.

Nilimwuliza siku moja, "Dada, maana yake unazijua?"

"Nusu," akasema. "Kwani wenye mashuka haya nawajua wote?"

Lakini ukimwambia herufi sita zenye J, mkono unafika kwenye fungu kabla hujafunga mdomo.

Mwaka huu, ukiwa umebaki mwezi mmoja astaafu, metroni alikubali meza ya kufulia. Dada alilipiga pasi gauni lake la ibada mara mbili. Mara moja nililipiga mimi, hakuridhika.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mchezo, karani akashuka kwetu. Ndiye aliyekuwa anaandikisha meza. Sauti laini, kalamu tatu mfukoni. "Mama, niazime hizo kadi nizikague, watu wasije wakasema mmekuja na majibu." Nilimkanyaga dada mguu. Akampa hivyo hivyo.

Ijumaa tukiwa tunazima mashine akazirudisha ndani ya sanduku jipya la faili. Matambara yametupwa yote.

"Nimewapangia, mama zangu. A mpaka Z. Zilikuwa shaghalabaghala, nimeshinda nazo siku nzima."

Siku nzima. Na alikuwa amesimama pale anangoja ahsante.

Dada akachomoa kadi ya herufi nne. Iliyofuata ilikuwa ya tisa, kisha ya tano. Akauliza taratibu, "Baba, kama ningekuwa najua neno linaanzaje, kadi ningezikatia nini?"

"Ndivyo vitu vinavyopangwa, mama. Masjala nzima iko hivyo."

"A mpaka Z ninayo. Iko kwenye kamusi."

"Basi sasa mnazo mbili," akacheka, akaenda zake anapiga mluzi.

Nilisikia harufu. Pasi yangu ilikuwa imekaa juu ya koti la daktari. Miaka kumi na tisa sijaunguza nguo ya mtu.

Jumamosi asubuhi tulimwaga kadi juu ya meza za pasi, wanawake wanne, tukihesabu herufi kwa vidole. Tulimaliza za nne na za tano. Tulipogusa za sita, tukaitwa ukumbini.

Herufi nne na tano zilikuwa zetu karibu zote. Wa maabara waliacha kutabasamu. Kisha metroni akasema, "Herufi sita, J iwe ya tatu." Mkono wa dada ukaenda pale ulipozoea fungu, ukakutana na sanduku. Akaanza kupekua kutoka A. Famasia nao wanafunua kitabu, masjala wanafunua. Alikuwa amefanywa sawa nao. Famasia wakaita "object". Kadi hiyo ilikuwemo humo sandukuni, boksi lake nililikata mimi mwenyewe. Tangu hapo hatukupata alama nyingine. Tukawa wa tatu, na dada hatakaa tena kwenye meza ile.

Karani akaja ametabasamu. "Mmejitahidi, mama. Naona mpangilio umewasaidia."

Mimi siyo mtu wa kupaza sauti, wala sikuipaza. Nilimwambia, "Mwanangu, ungeziiba ningekuwa nimeshakusamehe. Mwizi anajua kwamba amechukua."

Karani akamgeukia dada, nadhani akitafuta mpole zaidi. Alikosea mlango.

"Mdogo wangu amemaliza," dada akasema, akamsogezea sanduku kifuani. "Ulizifungua siku nzima. Mimi nimebakiwa na wiki nne. Kila ukitoka kazini utashuka uzifunge, doa gumu kwanza. Matambara utayachana mwenyewe."

"Lakini mama, mchezo si umeshapita?"

"Wangu umepita. Mwakani anakaa huyu," akanionyesha mimi.

Na karani anakuja. Jana aliuliza kati ya K na V ipi ngumu zaidi, dada akamwambia ahesabu kurasa za kamusi. Akazihesabu, kalamu zote tatu mfukoni, jasho likimtoka kwa mvuke wa pasi. Nimeomba tena moyo wangu usiwe mgumu. Lakini kiti bado simpi.