Edina na Duka la Rangi Mbili

Edina alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Ipagala, mwanamke asiyepunguza neno. Kila mgonjwa wa kifua alimweleza jambo lile lile, na kwa kuwa wengi walikulia kwenye nyumba za tembe, za miti na udongo, walimwelewa.

"Bakteria ana ukuta," alisema. "Ndani amejaa maji yanayosukuma, ukuta ukitoboka, anapasuka. Na kadiri anavyokua anaubomoa kidogo na kuujenga tena, kama mnavyokandika nyumba. Dawa hii inamfunga fundi mikono. Ukiiacha njiani, waliobaki wanakandika upya, na waliobaki ndio wabishi."

Miaka hiyo biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa. Mumewe, Octavian, aliyepunguzwa kazi serikalini, alifungua duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti, mbele ya nyumba yao. Vidonge vya rangi mbili, dawa ile ile ya kifua ya Edina, vinavyotakiwa kuandikwa na daktari, aliviuza chini ya kaunta, viwili viwili, kama peremende.

"Baba Priska, hiyo si dozi," Edina alimwambia.

"Nauza anachoomba mteja. Au utatupikia huo ukuta wa bakteria?"

Wateja walicheka. Edina hakucheka, ila hakushinikiza duka lifungwe, maana lilisomesha watoto. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Kisha mama yake, Evarista, aliletwa kutoka Bahi akikohoa. Edina alimwanzishia dozi kamili. Mama alipopata nafuu aliificha iliyobaki, akidhani dawa huwekwa akiba kama mtama. Ilipokwisha kwa kumezwa siku za kukohoa tu, alianza kwenda dukani Edina akiwa kazini. Alisimama kando ya dirisha, uso ameugeuza.

"Mkwe, nipe viwili."

Kwao mkwe hamhoji mama mkwe habari za mwili wake. Octavian naye aligeuza uso, akanyoosha mkono na kumpa. Ikawa hivyo kwa miezi.

Alipozidiwa na kulazwa hospitalini, sindano za dawa ya jamii ile ile hazikufua dafu. Daktari aliuliza mgonjwa alikuwa akitumia nini. Edina alimtazama mumewe.

"Alikuwa akiomba," Octavian alisema. "Ningemhoji mkwe wangu?"

Maadili gani haya, ya kumwonea mtu haya mpaka afe?

Evarista alizikwa Bahi. Waliporudi Ipagala, watu wakiwa bado kwenye mikeka, jirani mmoja alimnong'oneza Octavian kwamba kifua kinambana. Octavian aliinuka, akafungua duka, akafunga viwili kwenye kipande cha gazeti. Edina alimwona. Akaendelea kupokea pole.