Simu Kutoka Mlima wa Chiang Mai

Enyi waumini, tegeni masikio, kwani nililolishuhudia Jumanne ndani ya basi la mtaa wa Bordesley Green, hapa ughaibuni, limeniumiza moyo.

Kando yangu aliketi mama wa Kisomali aliyelelewa Mombasa, amekumbatia barua ya hospitali. Simu ya video ikalia. Alikuwa mwanawe, aliyekwenda kutembea Thailand na siku hiyo kupanda mlima ulio juu ya mji wa Chiang Mai.

"Mama, habari yako?"

"Nzuri, alhamdulillahi. Umefika mbinguni, baba?"

"Karibu! Tazama, nauona mji mzima."

Akageuza simu juu ya ukuta wa ukingoni ili mamake naye aone.

"Mashallah. Shika ukuta, na miguu yako hiyo ya bata!"

Kijana akacheka, akaaga.

Ndipo mama akanionyesha barua. Majibu ya uvimbe wake yametoka, na daktari ametaka aje na mtu wa karibu.

"Mbona hukumwambia?"

"Aliniuliza habari mara moja, na mara ya kwanza sisi hujibu nzuri. Angeuliza tena, ningesema."

Tuliposhuka mbele ya hospitali nikaomba nimsindikize ndani. Akanigusa bega. "Barua haikusema mtu wa basini, mwanangu." Akaingia peke yake.

Tumeamrishwa tuwainamishie wazazi bawa la huruma, nasi tunawaonyesha mandhari. Sijui tutajibu nini Siku ya Hesabu. Ewe mwana unayesoma haya, tubu leo. Mpigie mama yako, muulize habari, naye akisema nzuri, muulize tena, kisha unyamaze umsikilize.